Kabla ya Kununua Hisa Ukiwa Garissa

Machi 2008, serikali ya Kenya ilipotangaza kuuza robo ya kampuni ya simu ya Safaricom, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, foleni zilijaa katika matawi ya benki nchi nzima. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 2,000, yaani shilingi 10,000, bei ya mbuzi wachache enzi zile. Maombi yalifika zaidi ya mara tano ya hisa zilizokuwepo, kwa hiyo walio wengi walipewa sehemu ndogo tu ya walichoomba na fedha zilizobaki zikarudishwa baadaye. Tarehe 9 Juni hisa zilianza kuuzwa sokoni na bei ikapita shilingi 7. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeporomoka chini ya 5, na kwa sehemu kubwa ikakaa huko kwa miaka kadhaa. Aliyekopa benki ili anunue, na walikuwa wengi, alilipia riba kitu kilichokuwa kinapungua thamani mkononi mwake. Aliyezisahau kabatini hadi 2021 alizikuta zimepita shilingi 40, na aliyengoja zipande zaidi ya hapo alizikuta 2023 zimerudi chini ya 15.

Kumbukumbu hiyo ndiyo inayoendesha mazungumzo ya hisa Garissa, Wajir na Mandera mpaka leo. Wapo waliochomwa 2008 wasiotaka kusikia tena habari hizo, na wapo vijana wanaotazama bei kwenye simu wakiuliza ipi itapanda wiki ijayo. Wote wawili wanalidai soko jambo ambalo halijawahi kuliahidi. Soko la hisa halimwambii mtu bei inakokwenda. Linaahidi mambo mawili: kwamba kampuni iliyoorodheshwa italazimika kuanika hesabu zake hadharani, na kwamba siku mwenye hisa akitaka kutoka, pana mahali pa kuuzia. Maswali karibu yote ya mwekezaji wa kaskazini mashariki, likiwemo lile zito la halali na haramu, yanasimama au kuanguka juu ya ahadi hizo mbili.

Soko lenyewe lilianzishwa Nairobi mwaka 1954 likiwa chama cha madalali, na biashara yake ilikuwa ya Wazungu peke yao. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua wala kuuza hisa mpaka baada ya uhuru. Mwaka 2011 likabadili jina na kuwa Nairobi Securities Exchange, NSE kwa kifupi, na 2014 likauza hisa zake lenyewe kwa shilingi 9.50 na kujiorodhesha. Juu yake yuko msimamizi, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Pembeni yake kuna shirika linalotunza rekodi ya nani anamiliki nini, CDSC, ambalo tangu 2004 limeondoa vile vyeti vya karatasi watu walivyokuwa wakivificha chini ya godoro.

Mtu wa Garissa hahitaji kufundishwa soko ni nini. Kila Jumatano mifugo huingia mjini kutoka vijiji vya mbali, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka wa Somalia, na wanunuzi huja kutoka Nairobi na Mombasa. Katikati yao husimama dalali. Kupigania bei ni sehemu tu ya kazi yake. Kubwa zaidi ni kumdhamini muuzaji, kwamba anamjua, anaujua ukoo wake, na mnyama huyu hakuibwa. Mnunuzi aliyeshuka kwenye lori asubuhi hana njia nyingine ya kujua. Soko la hisa hubeba mzigo huohuo kwa karatasi: badala ya uso wa mtu kuna hesabu, zilizokaguliwa kila mwaka na ambazo hazijakaguliwa kila nusu mwaka, na kuna adhabu kwa anayezificha. Dalali wa hisa yeye hakudhamini chochote kuhusu kampuni unayonunua. Hapo ndipo wageni wa soko hili hujikwaa, kwa sababu humtegemea dalali wa Nairobi kama wanavyomtegemea wa Garissa, wakati yule wa Nairobi ametumwa tu kupeleka oda.

Sasa swali ambalo kijana humuuliza mjomba wake kabla ya kujaza fomu: "Abti, hizi hisa ni halali?" Wanavyuoni wana majibu mawili juu yake, na mwekezaji anastahili kujua kwamba ni mawili, maana kila upande hupenda kusema upo peke yake.

Jibu la kwanza ni la Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu. Katika kikao chake cha Jeddah, 1992, lilipitisha kwamba kununua hisa za kampuni yenye shughuli halali kunajuzu, lakini kampuni inayoingia kwenye riba wakati mwingine, hata kama kazi yake ya msingi ni safi, asili ya hukumu yake ni haramu. Anayelishika jibu hili atakuta ubao wa NSE una machache sana ya kumpa, maana ni nadra kampuni kubwa isiyo na mkopo wa benki wala akiba inayozaa riba.

Jibu la pili ni la taasisi ya AAOIFI ya Bahrain, ambayo viwango vyake hufuatwa na benki nyingi za Kiislamu. Kiwango chake cha 21 kinaruhusu kwa masharti. Kazi ya msingi ya kampuni lazima iwe halali. Mikopo yake ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya hisa zake zote sokoni, na amana zake zenye riba vivyo hivyo. Mapato yake yasiyo halali yasizidi asilimia 5 ya mapato yote, na mwenye hisa ayatoe yale yaliyomfikia.

Ukipitisha ubao wa Nairobi kwenye chujio hili, wanaoanguka mara moja ni watengenezaji wa pombe EABL, watengenezaji wa sigara BAT, na benki zote za kawaida zilizoorodheshwa: Equity, KCB, Co-operative, Absa na wenzao, pamoja na kampuni za bima za kawaida. Hizo ni sehemu kubwa ya biashara ya kila siku pale sokoni. Wanaobaki kujadiliwa ni Safaricom, kampuni za umeme, mashamba ya chai na parachichi kama Kakuzi, Sasini, Kapchorua na Williamson, wauza mafuta TotalEnergies, na wachache wa viwandani kama Carbacid, inayouza gesi ya kutia kwenye soda.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalioni. KenGen na Kenya Power wanauza umeme, na hakuna shaka juu ya uhalali wa umeme. Lakini kwa miaka mingi madeni yao yamezidi kwa mbali thamani ya hisa zao zote sokoni, kwa hiyo kipimo cha asilimia 30 huwaangusha. Na kwa kuwa kipimo hicho hutazama bei ya sokoni, kampuni ileile yenye deni lilelile inaweza kufaulu mwaka ambao hisa zimepanda na kufeli mwaka zilioporomoka. Mtu anayekuambia hisa fulani "ni halali" bila kukutajia ni ya mwaka gani na kwa hesabu zipi, hajapima, amesikia tu.

Safaricom ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo ambayo kila mtu anaitaka. Simu na intaneti hazina tatizo, na kutuma pesa kwa M-Pesa ni ujira wa kazi. Lakini tangu 2012 kuna M-Shwari, tangu 2015 KCB M-Pesa, na tangu 2019 Fuliza, na kila mojawapo huiletea kampuni mapato yanayotokana na mikopo. Je, yamefika asilimia 5 au hayajafika? Taarifa ya mwaka ya kampuni huyagawa mapato ya M-Pesa kwa mafungu, na jibu hutafutwa humo, kila mwaka upya, likitazamwa na mtu anayejua fiqhi akiwa ameketi na mtu anayejua hesabu. Maoni yangu ni kwamba imamu peke yake hatoshi na mhasibu peke yake hatoshi. Kaskazini mashariki ina wa kila aina, ila ni nadra kuwakuta wameketi meza moja.

Tuchukue mfano wa kusafisha mapato kwa tarakimu nilizozitunga. Una hisa 5,000 za kampuni iliyolipa gawio la shilingi 1.20 kwa hisa, jumla 6,000. Serikali inakata asilimia 5, unabaki na 5,700. Umesoma taarifa ya mwaka ukaona asilimia 3 ya mapato ya kampuni ni riba. Unapiga asilimia 3 ya 6,000, unapata shilingi 180, unazitoa kwa wahitaji bila kunuia thawabu ya sadaka, maana hazikuwa zako. Wapo wanavyuoni wanaosema hesabu hiyo isishikizwe kwenye gawio, kwa kuwa kampuni inaweza kupata riba na isigawe kitu. Wao hukokotoa mapato ya haramu kwa kila hisa na kumwajibisha anayeimiliki mwisho wa mwaka wa hesabu, amelipwa asilipwe. Njia hiyo ni ngumu kidogo na naiona ni ya haki zaidi.

Zingatia kwamba hesabu yote hiyo inawezekana kwa sababu kampuni imeorodheshwa. Ukiweka fedha kwenye ubia wa jengo la maduka mtaa wa Eastleigh, Nairobi, pamoja na watu kumi wa ukoo, hakuna taarifa ya mwaka utakayoisoma, hujui kama mwenzenu mmoja alichukua mkopo wa benki kumalizia ghorofa ya nne, na hujui duka la tatu linauza nini. Watu wanaozikataa hisa kwa kuhofia riba, kisha wakaingiza mamilioni kwenye ubia wa namna hiyo bila swali hata moja, wamekwepa tu kuona. Uchamungu unaoishia pale hesabu zinapokuwa wazi una kasoro.

Kwa asiyetaka kuchuja mwenyewe, njia zimeanza kupatikana. Hati fungani za serikali, hata ile M-Akiba ya 2017 iliyouzwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000, zinalipa riba na haziingii hapa. Lakini Julai 2023 soko la Nairobi lilizindua sukuk, yaani hati ya uwekezaji isiyo ya riba, ya kwanza nchini, ile ya Linzi, shilingi bilioni 3 za kujengea nyumba za bei nafuu zaidi ya 3,000, muda wake miaka 15, na makisio ya faida yake asilimia 11.13 kwa mwaka. Ipo pia mifuko ya uwekezaji inayosimamiwa kisharia, ambapo meneja na bodi ya wanavyuoni wanachuja kwa niaba yako na kukutoza ada. Jirani zetu wa Zanzibar nao serikali yao imeingia kwenye sukuk. Bado ni machache, na miaka 15 ni mingi kwa mtu aliyezoea kuuza beberu asubuhi na kulipa karo mchana.

Swali la pili ni la usalama, na watu hulichanganya. Kuna hatari ya kampuni, kuna hatari ya dalali, na kuna hatari ya mlango kufungwa.

Ya dalali ndiyo iliyowaumiza Wakenya vibaya zaidi. Francis Thuo & Partners ilianguka 2007, Nyaga Stockbrokers ikawekwa chini ya usimamizi 2008, na wateja wengine wakagundua kwamba hisa zao zilikuwa zimeuzwa bila idhini yao. Tangu hapo masharti yamekazwa na kuna mfuko wa fidia wenye kikomo, lakini kinga iliyo bora haina gharama: hisa zako zimeandikwa kwa jina lako CDSC, si kwa dalali. Taka taarifa ya akaunti moja kwa moja kutoka huko, iandikishe namba yako ya simu ipokee ujumbe kila akaunti inapoguswa, na usimpe mtu yeyote neno lako la siri, hata akiwa binamu anayefanya kazi Nairobi. Majina ya madalali wenye leseni hutolewa na CMA. Anayekuahidi asilimia fulani kila mwezi bila kupungua hayumo katika orodha hiyo, na hajawahi kuwemo.

Mlango kufungwa ni jambo jingine. Julai 2020 hisa za Kenya Airways zilisimamishwa kuuzwa zikiwa shilingi 3.83, wakati serikali ilipokuwa ikipanga kulirudisha shirika mikononi mwake. Mpango ukafa, na hisa zikaruhusiwa tena Januari 2025. Miaka minne na nusu mwenye hisa hakuweza kuuza hata moja. ARM ya saruji ilisimamishwa Agosti 2018 na haikurudi. Mumias ya sukari ikafuata 2019. Walioshika hisa hizo hawakuibiwa na dalali wala na soko. Walikuwa wenye sehemu ya kampuni iliyoshindwa kulipa madeni yake, na kampuni ikifilisika, mwenye hisa ndiye wa mwisho kwenye mstari, nyuma ya wafanyakazi, kodi na benki.

Hata mlango ulio wazi unaweza kuwa mwembamba. Kila siku ya kazi kuanzia asubuhi hadi saa 9 mchana oda za kununua na kuuza hukutanishwa na kompyuta, na kwa kawaida bei haiwezi kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Lakini biashara kubwa iko kwenye kampuni chache. Kuna hisa, Limuru Tea ikiwa mfano mmoja, zinazoweza kupitisha siku kadhaa bila mtu hata mmoja kuuza au kununua. Bei unayoiona gazetini ni ya mtu wa mwisho aliyeuza, labda wiki iliyopita, na haimaanishi wewe utaipata leo.

Si kila anayeondoka ubaoni anaondoka na hasara ya watu, hata hivyo. KenolKobil iliponunuliwa na Rubis ya Ufaransa 2019, wenye hisa walilipwa shilingi 23 kwa kila moja, na Bamburi ilipochukuliwa na Amsons ya Tanzania mwishoni mwa 2024, walilipwa 65. Sheria ya kununua kampuni iliyoorodheshwa kwa kawaida humlazimu mnunuzi kumpa mwenye hisa 100 bei ileile anayompa mwenye milioni, na hilo ni jambo ambalo hulipati kwenye ubia wa ukoo.

Sasa, mfugaji auze mifugo anunue hisa? Baada ya ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua iliyopita mitupu na mifugo takriban milioni 2.5 kufa katika maeneo kame ya Kenya, wahubiri wa uwekezaji walikuja na jibu jepesi kwamba wafugaji wangeuza mapema na kuweka fedha kwenye soko la Nairobi. Nusu ya hoja hiyo ni sahihi. Ukame hauui ng'ombe wa mtu mmoja. Unaua wa wilaya nzima kwa mkupuo, na aliyeweka mali yake yote katika mifugo na duka linalowauzia wafugaji ana mali moja iliyovaa nguo mbili. Chai ya Kericho haijali kama mvua imenyesha Dadaab. Hiyo ndiyo faida ya kweli ya hisa kwa mtu wa huku, nayo haihusiani na kupanda kwa bei.

Nusu nyingine ya hoja ni upuuzi. Mtamba huzaa, hutoa maziwa, huchangia mahari na diya, na huuzwa siku hiyohiyo mgonjwa anapohitaji kupelekwa Nairobi. Hisa hulipwa siku ya tatu baada ya kuuzwa, kama mnunuzi amepatikana, na labda kwa bei ya mwaka mbaya. Katika miaka mizuri ni nadra hisa ya NSE kuzidi kundi la mbuzi kwa uzazi. Kinachomsaidia mfugaji dhidi ya ukame ni bima ya mifugo ya Kiislamu, takaful, ile iliyofika Wajir 2013 na kulipa mara ya kwanza 2014 kwa kupima majani kwa setilaiti, na ni kuuza madume mapema. Hisa ni za mwalimu mwenye mshahara, mwenye malori, mwenye duka soko la Suuq Mugdi, na ndugu aliye Minneapolis, na ni za fedha ambazo hatazihitaji kwa miaka mitano au zaidi. Mwenye kundi dogo asiuze jike hata moja kwa ajili ya ubao wa Nairobi.

Namna ya kuanza si ngumu kwa aliye na karatasi. Unahitaji kitambulisho, namba ya kodi ya KRA, akaunti ya benki, na dalali mwenye leseni wa kukufungulia akaunti ya CDS, ile inayotunzwa na CDSC. Wengi wako Nairobi na hufanya yote kwa simu. Zamani ulilazimika kununua hisa kuanzia 100. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata moja. Gharama ya kununua hufika karibu asilimia 2 na ya kuuza vilevile, kwa hiyo anayeingia na kutoka kila mwezi anamlimia dalali. Gawio hukatwa kodi asilimia 5 kwa mkazi na 15 kwa aliye ng'ambo, na faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa haitozwi kodi ya mtaji.

Lakini hilo neno "kitambulisho" limebeba historia. Kwa miongo mingi kijana wa Garissa aliyefika miaka 18 alifikishwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa wa usalama athibitishe kwamba ni Mkenya, jambo ambalo kijana wa Nyeri hakuulizwa. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia saini tangazo la kuufuta uchunguzi huo. Wamebaki bado wale ambao, wakati wa njaa, wazazi wao waliwaandikisha Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula, na alama zao za vidole zikawafunga humo. Bila kitambulisho mtu hana laini ya simu kwa jina lake, hana akaunti, hana CDS. Ripoti zinazolalamika kwamba watu wa kaskazini "hawana elimu ya fedha" zingeanza na dirisha la ofisi ya usajili. Na elimu hiyo ina kumbukumbu zake: Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilifunga kampuni 13 za hawala kwa mkupuo, na familia zilizoishi kwa fedha za ng'ambo zikakaa wiki kadhaa bila njia hiyo. Mtu aliyepitia hayo haoni ajabu kuuliza kama akaunti ya Nairobi nayo inaweza kufungwa asubuhi moja.

Urithi nao ni jambo la kupangwa kabla. Baba akifa na hisa ambazo watoto hawazijui, magawio hurudi bila kupokewa, na baada ya miaka mitatu au zaidi kampuni hutakiwa kuyakabidhi, na hisa zenyewe pia, kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, UFAA. Hazipotei, lakini kuzirudisha kunahitaji hati nyingi. Mwislamu anaweza kupeleka mirathi mbele ya Mahakama ya Kadhi, na hisa zina uzuri ambao jengo halina: hisa 2,400 hugawika kwa mke, watoto wa kiume na wa kike kwa mafungu ya Qur'ani bila kuvunja ukuta wala kumtoa mtu nyumbani. Ndugu wangapi hawasemezani kwa sababu ya kiwanja kimoja cha mtaa wa Bulla Iftin? Andika orodha ya ulichonacho na mwonyeshe mke wako ilipo.

Linabaki swali ambalo wenye fedha huuliza kwa sauti ya chini: kwa nini hakuna kampuni hata moja yenye makao Garissa, Wajir au Mandera kwenye ubao ule? Eneo linalolisha Nairobi nyama na maziwa ya ngamia, lenye wafanyabiashara waliojenga Eastleigh, halina jina hapo. Mtaji si kisingizio. Mwaka 2013 soko lilifungua kitengo cha kampuni ndogo, GEMS, ambacho kilihitaji mtaji wa shilingi milioni 10 tu na wenye hisa wa nje wasiopungua 25. Wapo wauza ngamia wenye zaidi ya hapo. Na tangu 2018 kuna mpango wa Ibuka, wa kuziandaa kampuni kabla hazijaorodheshwa.

Sehemu ya jibu ni kwamba GEMS yenyewe haikuvutia. Kampuni ya kwanza kuingia, Home Afrika ya viwanja na nyumba, iliorodheshwa Julai 2013 kwa shilingi 12, ikapanda haraka, kisha ikashuka mwaka baada ya mwaka hadi chini ya shilingi 1. Waliofuata ni wa kuhesabu vidoleni. Benki za Kiislamu nazo zilibaki nje ya ubao: First Community, iliyoanza 2008 na wateja wengi wa Kisomali, ilipohitaji mtaji zaidi ilipata mmiliki mpya mwaka 2023, Premier Bank ya Mogadishu, kwa makubaliano ya faragha.

Lakini sehemu kubwa ya jibu ni ile ahadi ya kwanza, ya kuanika hesabu. Kuorodheshwa ni kukubali kwamba hesabu zako zitasomwa na mshindani, na Mamlaka ya Kodi, na shemeji. Biashara ya ukoo hutembea kwa kutojulikana kiasi chake: mwenyewe asijulikane ana ngapi ili asiombwe zote, na asionekane anazo ngapi ili asitekwe njiani. Kumwambia mtu wa namna hiyo aajiri mkaguzi wa hesabu, ateue wakurugenzi wasio wa damu yake, na achapishe faida yake gazetini, ni kumtaka abadilishe kile kilichomlinda. Ataukubali ubao siku ambayo fedha anazohitaji zimezidi uwezo wa ukoo kuchanga, kwa mfano akitaka kujenga machinjio yenye majokofu ya kuuza nyama Ghuba badala ya kusafirisha ng'ombe wazima kwa lori hadi Nairobi. Mradi wa kiasi hicho hauchangwi kwa hagbad, ule mchango wa zamu wa Kisomali. Unaweza kuchangwa kwa sukuk, na wanunuzi wake wa kwanza huenda wakawa ndio hawa wanaouliza leo kama kuna kitu halali cha kununua Nairobi.